Matundu Manne ya Baba Dixième

Ukifika Katuba, mjini Lubumbashi, ukauliza nyumba ya André Katongo, utazungushwa mpaka viatu vilalamike. Uliza kwa Baba Dixième, na hata mlevi wa saa tatu asubuhi atakushika mkono akupeleke. Dixième ni Kifaransa cha mafundi wa chuma: sehemu moja ya kumi ya milimita, kitu ambacho jicho la mtu wa kawaida halikioni wala halina haja nacho. Baba Dixième alikuwa na haja nacho. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ajusteur katika karakana ya mgodi, yaani fundi wa kuchonga vipuri vya mashine kwa tupa na jasho, na kwa miaka hiyo yote, kwa ushahidi wake mwenyewe ambao hakuna aliyeuomba, hakukosea kipimo hata dixième moja.

Kipimio chake cha chuma, pied-à-coulisse, kilikaa kwenye mfuko wa shati, pale wenzake wanapochomeka kalamu. Alipima nacho mikate dukani mbele ya foleni, akatangaza kwamba tangu Noeli imepungua milimita nane. Alipima unene wa kuta za majirani, akawapa pole. Wageni walipoleta samaki wakavu kutoka Pweto, aliwapima samaki mmoja mmoja palepale mezani huku wenyewe wakimtazama, halafu akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mkewe, mama Delphine, alikuwa na jibu moja kwa haya yote. Alinyoosha kidole kuelekea mlango wa chumba chao cha kulala, ambao Baba Dixième aliuweka mwenyewe mwaka wa arusi yao, na ambao haujafungika sawasawa mpaka leo.

Mwezi wa saba Séphora, binti wa marehemu mdogo wake, aliolewa na kijana wa Pweto. Baba Dixième ndiye aliyesimama mahali pa baba, na kwa cheo hicho akapewa maikrofoni. Kumpa Baba Dixième maikrofoni ni kumpa mbuzi ulinzi wa shamba la mihogo. Alizungumza dakika ishirini na tatu. Alichosema hakuna aliyekikumbuka vizuri, kwa sababu chupa zilifunguliwa kabla ya hotuba, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusahau. Alichokumbuka ni kwamba alisema vizuri mno. Tangu siku ile hakukutana na mtu njiani bila kumkumbusha filamu ya arusi.

"Mungoye tu filme itoke," aliwaambia. "Njo mutasikia namna muntu mukubwa anasemaka."

Filamu hiyo ilikuwa mikononi mwa bintiye mwenyewe, Plamedie. Plamedie alikuwa na miaka ishirini na tisa, kamera moja, na chumba cha kupanga huko Kampemba ambamo alikata na kuunganisha filamu za arusi, za ubatizo na za kuondoa matanga. Alikuwa na chumba hicho kwa miaka minne. Baba yake, aliyekuwa na muda wa kwenda kupima mikate ya mtaa wa tatu, hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja.

Sasa ilikuwa mwezi wa kumi, ule mwezi ambao jua la Lubumbashi hukaa juu ya bati kama lina kesi na wenye nyumba, na kompyuta ya Plamedie ilikuwa imeshindwa. Feni ya kupoza prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ilipuliza moto juu ya moto. Kila alipoiamuru kompyuta itoe filamu nzima, ilipanda joto, ikanguruma, na ilipofika dakika ya kumi na moja ikazimika yenyewe. Filamu ilikuwa ya saa tatu.

Na wakwe walikuwa njiani. Tata Mwenya, baba wa bwana arusi, aliteremka kutoka Pweto kwa shughuli zake, na Jumamosi angekula chakula kwa Baba Dixième, angeitazama filamu, na Jumapili angeondoka nayo kwenda kumwonyesha mama yake mzee aliyeshindwa kusafiri. Mara ya kwanza, baada ya arusi, aliondoka mikono mitupu. Akiondoka hivyo mara ya pili, jina la Plamedie lingetafunwa pamoja na samaki kandokando ya ziwa lao lote, na kwa mtu anayepata wateja wake kutoka midomo ya wakwe, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa afunge mlango.

Msaada ulitoka Ulaya, kama kawaida ya msaada, ukiwa umechoka. Mjomba Clovis, kaka wa mama Delphine, anakaa Liège na ana moyo wa kutoa. Mwaka juzi alituma kipasha joto cha umeme. Mwaka jana alituma glavu za baridi, jozi moja na nusu. Safari hii, aliposikia kwamba kompyuta ya mtoto inaungua, alituma vifaa vya kuipoza kwa maji: pampu, mipira ya kupitisha maji, rejeta ndogo kama ya gari, na bloku ya shaba ambayo hukaa juu ya prosesa, maji yakapita ndani yake na kubeba joto.

"Hii kintu, Plamedie," alisema katika ujumbe wa sauti, "ata bazungu banaililia."

Kama waliililia, walikwisha kufuta machozi zamani. Tarehe iliyochapwa chini ya pampu ilikuwa ya mwaka ambao Plamedie alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Ndugu zetu walioko huko wakikosa pa kutupia kitu hukiandika zawadi, na sisi hupiga magoti kukipokea. Ila bloku yenyewe ilikuwa nzima, nzito, nyekundu safi. Pengine shaba yake ilichimbwa hapahapa, ikaenda Ulaya ikasoma, na sasa imerudi kutudai heshima.

Kasoro ilikuwa moja. Bloku hubanwa juu ya prosesa kwa kipande cha chuma chenye miguu minne, mafundi wanakiita bride, na kila mguu una tundu la bolti. Bride iliyokuja na bloku ilitengenezwa kwa kompyuta za zamani. Za siku hizi matundu yake yameachana zaidi. Bila bride ya kufaa, shaba yote ile ilikuwa jiwe la kuzuia mlango. Mlango wa chumba cha Baba Dixième ungefurahi.

Basi Jumatatu Plamedie akaenda Katuba. Alimkuta baba yake chini ya kipaa cha bati, nyuma ya jiriwa lake la kubania vyuma, akinoa kisu ambacho hakuna aliyelalamika kwamba ni butu.

"Papa, yambo."

"Yambo, mama. Uko na nini?"

Alimpa bloku. Baba Dixième akaipima uzito mkononi, na uso wake ukalainika. "Ii njo shaba. Sasa nipe modèle."

"Modèle ya nini, Papa?"

"Ya bride. Unanipa ile ya zamani, miye ninakufanyia mupya. Njo vile tulitumikaka."

Na kweli ndivyo walivyotumika, yaani walivyofanya kazi. Katika karakana ile walihudumia mashine ambazo waliozitengeneza walikwisha kufa, viwanda vyao vimefungwa, michoro yao imeliwa na mchwa. Kipuri kikivunjika, mtu alikileta kimefungwa kwenye gunia, akakitupa juu ya meza, na ajusteur akachonga kingine sawa na kile. Hakuna aliyeuliza kinaingia wapi. Kuuliza kulikuwa kiherehere. Wanaume wazima walistaafu baada ya kuchonga maelfu ya vipuri bila kujua hata kimoja kilikuwa kinafanya nini, na wakapewa cheti.

"Hapana, Papa," alisema Plamedie. "Ile ya zamani haiingie. Matundu yake iko karibu-karibu. Nilipima na règle: ya zamani ni soixante-douze, ya mashini yangu ni soixante-dix-huit. Kuya ku studio, uone mwenyewe."

"Na règle gani?"

"Ya shule."

Baba Dixième alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Règle ya shule! Delphine, kuya usikie! Ya plastique?"

"Papa, kuya uone mashini. Iko mbali? Hapana mbali."

"Mashini ya kuona ni ya nini? Modèle iko hapa. Karatasi inadanganyaka, muntu anadanganyaka, chuma haidanganye."

"Papa, unanisikia?"

"Nilisikia. Jeudi itakuwa mu mukono yako. Enda."

Plamedie alimwachia mchoro wenye namba zote mbili, sabini na mbili ya zamani na sabini na nane ya sasa, na mshale mwekundu kuonyesha ipi ni ipi. Baba Dixième aliufutia mafuta ya jiriwa. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Baba Dixième halikuwa la kufa, lilikuwa zima kabisa, na lilisikia barabara kila neno lililotoka katika kinywa chake mwenyewe.

Tuseme haki: alifanya kazi. Alitafuta kipande cha inox, chuma kisichoshika kutu, akakikata kwa msumeno wa mkono, akakichonga siku tatu kwa tupa kubwa, kisha ya kati, kisha ile nyembamba ambayo hamruhusu mtu kuigusa. Alisimama kwa miguu yote miwili kama walivyofundishwa, akisukuma kwa bega badala ya kiwiko, na kila baada ya misukumo mitano alipima, akapuliza vumbi, akapima tena. Alikataa kula kabla ya pembe ya tatu kukaa sawa. Ukimwona wakati huo ungemsamehe mengi, isipokuwa lile la kuongea.

Alhamisi, hiyo jeudi aliyoahidi, alikuwa amekwisha kualika watazamaji: majirani wawili na mwanamke muuza makaa aliyekuwa anapita tu. Plamedie alipofika, baba yake alifunua kitambaa kama padre anayefunua kikombe. Aliilaza bride mpya juu ya ile ya zamani, akaziinua kuelekea jua. Mwanga haukupita popote ila ndani ya matundu. Matundu manne juu ya matundu manne, miguu juu ya miguu, ungedhani ni chuma kimoja.

"Tafuta différence," alisema. "Tafuta!"

Plamedie alizitazama kwa muda mrefu. Alizigeuza. Alikaa juu ya kiti cha jirani bila kuomba ruhusa.

"Haina différence, Papa."

"Ata dixième!"

"Ata dixième. Njo shida. Ile ya zamani haiingie. Na ii haiingie, vilevile kabisa."

Majirani wakatazama miguu yao. Muuza makaa, ambaye hakuwa na undugu na mtu pale na kwa hiyo hakuwa na la kuogopa, akauliza ili aelewe: "Donc alikamata ubaya moya, akafanya mbili?"

Kutoka jikoni mama Delphine alicheka kicheko ambacho alikuwa amekiweka akiba kwa miaka thelathini na minne. Sufuria ya maharagwe ilifurika, akaiacha ifurike.

Baba Dixième hakukosa wa kumlaumu. Aliwalaumu wenye viwanda wanaosogeza matundu kila mwaka ili watu wanunue vipya, na hapo hakuwa mbali na ukweli. Alimlaumu Clovis. Alilaumu joto. Mwisho akamlaumu Plamedie kwamba hakueleza vizuri, lakini Plamedie alikuwa ameshaondoka, bila kuaga, na kwa mtoto yule kutoaga lilikuwa jambo la kutisha kuliko matusi.

"Alikuambia 'kuya uone'," alisema mama Delphine, akiweka bukari, ule ugali wao, mezani. "Alisema, akarudilia. Miye nilikuwa hapa, nilisikia. Na miaka ine anakuambiaka vile. Sababu ya nini hauende kwa mutoto?"

"Nitaenda kufanya nini? Kuangalia foto?"

"Samedi Tata Mwenya atakuya. Utamupimia samaki tena, na mashini iko inazimika. Kula."

Alikula bila kupima kitu chochote.

Ijumaa asubuhi watu wa Katuba walimwona Baba Dixième akipanda pikipiki ya abiria huku amepakata jiriwa lake, kilo ishirini na mbili za chuma cha kusubu, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Tupa zilikuwa zimefungwa mgongoni kwa kitenge cha mkewe. Mwendesha pikipiki alimuuliza kama anahama. Hakujibu, na hiyo peke yake ilikuwa habari mtaani.

Studio ya Plamedie ilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu. Ukutani alikuwa amepigilia trei za mayai ili sauti isirudi. Kiti kilikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba. Juu ya rafu zilipangwa diski ndogo, kila moja na karatasi yenye jina la ukoo na tarehe: arusi za watu, vilio vya watu, mistari kwa mistari, kwa mwandiko ulionyooka. Joto la ndani lingeweza kukausha samaki wa kapenta. Baba Dixième alisimama mlangoni akitafuta cha kudharau, na macho yake yakakaa kwenye mwandiko ule. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanga tupa zake namna hiyo.

"Karibu, Papa," alisema Plamedie, kwa sauti ya kumkaribisha mteja.

Kompyuta ilikuwa imelazwa wazi juu ya meza. Baba Dixième alitoa pied-à-coulisse, akainama juu ya ile kadi kubwa ya kijani, akapima kutoka tundu hadi tundu. Sabini na nane. Akapima upande wa pili. Sabini na nane. Akapima tena, polepole, akitafuta walau dixième moja ya kumtetea. Haikuwepo. Rula ya plastiki ya shule ilikuwa imesema kweli tangu Jumatatu.

"Ni soixante-dix-huit," alisema, kama aliyegundua.

"Ndiyo, Papa."

Alifunga jiriwa kwenye nondo za dirisha, akavua shati, akaanza upya. Safari hii hakukuwa na modèle wala muda wa kung'arisha. Kila alipochonga kidogo alirudi mezani, akaweka chuma juu ya mashine, akatazama, akaenda tena dirishani. Alitembea hivyo asubuhi nzima, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, na katika kutembea huko alilazimika kuuliza maswali. Hii inagusa nini? Hapa chini kuna nini? Kwa nini bolti inakaa na spring? Plamedie alijibu, na kila jibu lilikuwa fupi na la kweli. Mzee hakuwa amewahi kuongea na mtu aliyejua kipuri kinaingia wapi. Ilipogonga saa sita, bolti nne zilishuka ndani ya matundu manne kwa uzito wake wenyewe, bila nyundo. Baba Dixième alikohoa, akasema ni vumbi.

Walijaza maji ya betri, yale masafi ya chupa, wakaendesha pampu peke yake nusu saa wakichungulia kila kiungo. Hakuna kilichovuja. Plamedie alipaka dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, tone dogo kama mbegu ya harage, wakakalisha bloku, na baba yake akachukua bisibisi.

Mgodini bolti hukazwa mpaka ilie, halafu robo moja zaidi. Sheria hiyo haikuwa ya kiburi. Bolti moja iliyolegea iliwahi kuangusha roli la mkanda wa kusafirishia mawe juu ya mtu ambaye Baba Dixième alikuwa amekunywa naye chai asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo mkono wake ulikaza, ukakaza, na kadi ya kijani ikaanza kupinda kidogo kwenye kona.

"Papa, inatosha."

Mkono ukaitaka ile robo.

"Papa. Inatosha."

Akaacha. Iliuma. Miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuachia bolti kabla haijalia, tena kwa amri ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutembea.

Kompyuta iliwashwa. Plamedie akaiamuru itoe filamu. Dakika ya kumi na moja mama Delphine alipiga simu, hawakupokea. Dakika ya kumi na mbili ikaja, ikapita, ya kumi na tano, na kwenye kioo joto lilisimama kwenye hamsini na nane na halikutikisika. Plamedie alifunika uso kwa viganja na kucheka mara moja, kicheko kidogo cha mtu aliyeshusha mzigo. Baba Dixième alikuwa ameshashika simu anamwambia mkewe kwamba ordinateur, yaani kompyuta, alizifahamu siku nyingi, ila watu walikuwa hawamuulizi.

Baada ya saa mbili filamu ilikuwa tayari, nzima, mwanzo hadi mwisho.

"Peleka ku discours yangu," alisema, akikaa juu ya kiti chenye godoro.

"Tutaangalia kesho, Papa. Na bengine."

"Leo. Miezi tatu nangoya."

Plamedie alisita, kisha akapeleka mpaka kwenye hotuba. Baba Dixième akatokea kwenye kioo, suti nyeusi, maikrofoni mkononi. Alisema: karibuni wakwe zetu, mtoto huyu ni wa marehemu mdogo wangu, leo anakuwa wenu, mumutunze, Mungu abariki. Makofi. Kisha keki.

Alingoja keki iishe, akidhani hotuba inaendelea baadaye. Haikuendelea.

"Na mingine iko wapi?"

"Nilikata."

"Ulikata!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Dakika makumi mbili na tatu, unaacha sekunde makumi ine? Nani alikupa ruhusa? Miye ni chuma ya kuchonga? Rudisha! Rudisha yote, bantu basikie!"

Plamedie hakubishana. Alifungua picha zile za kwanza, ambazo hazijakatwa, akasogeza mpaka dakika ya tisa ya hotuba, akaongeza sauti, akatoka mbele ya kioo ili baba yake aone.

Tai ilikuwa imekwenda kando. Macho yalikuwa mekundu. "Tata Mwenya," alisema yule mtu kwenye kioo, "mu famille yetu kila muntu anatumika. Miye nilitumika. Baba yangu alitumika ku njia ya reli. Kunabakia moya tu. Muangalie kule, mwenye camera. Ule ni wangu. Miaka makumi mbili na kenda, hatumike. Anacheza na foto. Miye nilizaa mutoto wa kuangalia bengine banaolewa!" Ukumbi ulicheka. Yule mtu alifurahi kwa kicheko hicho, akangoja kiishe, akarudia.

Picha ilitikisika. Mara moja tu, kama mtu aliyepigwa kikumbo. Halafu ikatulia, ikamweka tena katikati, kichwa hakikukatwa, mikono haikukatwa, na ikaendelea kumshika hivyo vizuri kwa dakika kumi na nne zilizobaki.

Baba Dixième alitazama picha ile iliyotulia. Alijua mkono unaotulia baada ya pigo unagharimu nini. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda masikioni kama homa.

"Ile siku nilikuwa nilikunywa," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Bantu balicheka."

"Balicheka." Plamedie alikuwa anakunja nyaya, mgongo umemgeukia. "Tata Mwenya atapelekea mama yake. Sikupenda ule mama akuone vile."

Mzee akaokota kiti. Akaenda kufungua jiriwa kutoka nondo za dirisha, kazi ya dakika mbili, akachukua karibu saa nzima.

Jumamosi Tata Mwenya alikuja na samaki, na hakuna aliyewapima. Walikula bukari, wakawasha televisheni, na filamu ikaenda saa tatu bila kusita. Séphora alipoingia kanisani mzee wa Pweto alitoa leso. Baba Dixième alipotokea na sekunde zake arobaini, mgeni, ambaye siku ile naye alikuwa amekunywa, alipiga makofi.

"Buko, ulisema kifupi na muzuri," alimwambia mkwe mwenzake. "Bantu ba Lubumbashi banasemaka sana, lakini weye uko muntu wa kipimo."

Mama Delphine aliingia jikoni haraka, na kwa muda hakutoka.

Filamu ilipoisha Tata Mwenya aliweka clé, ile flashi yenye filamu, mfukoni, akaifunga kwa kifungo, akaigusa kuhakikisha. Kisha akamtazama Plamedie, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni anachomoa nyaya.

"Na ule mutoto mwenye alitutengenezea filme," aliuliza, "anafanyaka nini ya kweli? Anasoma, ao anangoya bwana?"

Nyuma ya televisheni mikono ya Plamedie ilisimama. Majirani waliojipenyeza kuangalia filamu walijiweka sawa kwenye viti, kwa sababu Baba Dixième alikuwa hajawahi kupita swali hilo bila kulivunia hotuba ya nusu saa. Mama Delphine alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

Baba Dixième aliweka glasi chini.

"Anatumika," alisema.

Tata Mwenya alingoja aendelee. Hakuendelea.